Eti "iko wazi kwa umma, kwa kutazamwa tu". Hawa jamaa wa hifadhi ya filamu wanatuonaje?

Wakuu, nimetoka kusoma barua pepe yao sasa hivi, mikono inatetemeka. Siwataji, mnawajua. Wale wale wa "wabunifu karibuni".

Nimeomba sekunde nane. Nane! Treni inaingia stesheni, haina sauti, haina rangi, aliyeipiga alikufa kabla babu hajabalehe, hakimiliki ilishaisha. Jibu: "Iko wazi kwa umma, kwa kutazamwa tu." Yaani nimeandaliwa pilau ninuse!

Na hiyo ya kutazamwa ina nembo yao katikati, kubwa kuliko treni. Abiria wanashuka kutoka kwenye nembo.

Uholanzi tangu 2009 wanaachia mtandaoni filamu za habari za zamani: unapakua, unakata, unaunganisha, mradi utaje chanzo nawe uiachie kazi yako kwa masharti yale yale. Hawa? KWA KUTAZAMWA TU.

Mkanda_Mbovu: Povu lote hili kwa sekunde nane? Ingekuwa dakika ungelazwa.

FundiSauti: Kutunza kopo la filamu hakukufanyi mwenye hakimiliki. Kama muda umeisha kweli, mara nyingi kinachokubana ni yale masharti uliyokubali bila kusoma.

Mleta uzi: Sijakubali chochote! Kwa kutazamwa tu, jamani. TRENI!

BibiSanturi: Afadhali wewe umejibiwa na binadamu. Marekani rekodi zote za sauti za kabla ya 1923 zilikuwa huru tarehe 1 Januari 2022. Nikapandisha santuri ya 1915, roboti likaifungia papo hapo eti mali ya kampuni fulani. Kampuni yenyewe wakati huo haijazaliwa!

Mkanda_Mbovu: Ya 1915 unasikiliza nini, mikwaruzo?

BibiSanturi: Mikwaruzo ndiyo naitaka, naipigia midundo. Huelewi muziki, kaa pembeni.

BwanaHarusi: Nyie mnalilia treni. Mpiga video wa harusi yangu amegoma kunipa picha ambazo hazijahaririwa, eti ni "kazi yake ya sanaa". Sura yangu, jasho langu, sanaa yake!

Mleta uzi: Mkuu, turudi kwenye mada…

BibiSanturi: Ngoja kwanza. Zote amezikatalia?

BwanaHarusi: Zote. Hata ile shangazi anaanguka na keki.

Mkanda_Mbovu: HIYO ndiyo ifunguliwe kwa umma.

FundiSauti: Mkataba ulisemaje?

BwanaHarusi: Mkataba upi?