Je, nisajili kampuni kabla ya kutetea tasnifu?

Mwanakemia:
Wakuu, naomba ushauri wenu. Katika utafiti wangu wa uzamivu nimetengeneza utando unaochuja madini ya risasi yaliyoyeyuka kwenye maji kwa shinikizo dogo kuliko tando zilizozoeleka, na msimamizi wangu anaamini kuwa unaweza kuwa msingi wa kampuni. Kazi yote ilifanyika katika maabara ya chuo kwa ruzuku ya serikali. Mwezi ujao nitawasilisha makala katika mkutano wa kisayansi, kisha nitatetea tasnifu mbele ya hadhira. Rafiki yangu aliyesomea biashara ananihimiza nisajili kampuni mara moja, asije mtu akatutangulia. Je, nianze na usajili, au kuna jambo linalopaswa kutangulia?

Mshauri wa Hataza:
Ndugu Mwanakemia, usajili unaweza kusubiri, lakini mkutano hausubiri. Kampuni utakayoisajili leo haitamiliki chochote, kwa sababu uvumbuzi uliofanyika kwa ruzuku na vifaa vya chuo mara nyingi huwa mali ya chuo, ingawa sheria hutofautiana. Nchini Marekani, sheria ya Bayh-Dole ya mwaka 1980 iliviruhusu vyuo kubaki na umiliki wa uvumbuzi uliogharamiwa na serikali kuu, ilhali Sweden bado humwachia mwalimu wa chuo kikuu haki hiyo. Wewe tena ni mwanafunzi, kwa hiyo huenda haki zako zisilingane na za msimamizi wako. Soma kanuni za chuo na mkataba wa ruzuku kabla ya kutia saini jambo lolote na rafiki yako.

Kinachonitia wasiwasi zaidi ni makala. Mkataba wa Hataza wa Ulaya (hataza ni haki ya kisheria ya kuwazuia wengine kutumia uvumbuzi wako) unadai uvumbuzi uwe mpya siku ombi la hataza linapowasilishwa, hivyo hotuba yako mwenyewe, au tasnifu iliyokwisha kuwekwa maktabani, yaweza kukunyima hataza. Ipelekee ofisi ya uhaulishaji wa teknolojia ya chuo, yaani ile inayosaidia kuupeleka utafiti sokoni, taarifa ya uvumbuzi wiki hii, na uombe utetezi ufanyike kwa masharti ya usiri ikiwa ombi litachelewa. Ombi la kwanza likishapokelewa, utakuwa na miezi 12 ya kuomba katika nchi nyingine kwa kuhesabiwa tarehe ileile ya ombi la kwanza, na kwa njia ya PCT, mkataba wa kimataifa wa ushirikiano katika maombi ya hataza, nchi nyingi hukuruhusu kungoja hadi miezi 30 tangu tarehe hiyo kabla ya kulipa ada za kila nchi. Muda huo utumie kutafuta mnunuzi.

Mhadhiri wa Bayoteknolojia:
Naunga mkono, na nitaongeza mfano. Stanley Cohen na Herbert Boyer walichapisha mbinu yao ya kuunganisha DNA mwezi Novemba 1973, na Chuo Kikuu cha Stanford, alikofanya kazi Cohen, kikawasilisha ombi la hataza Novemba 1974, ukiwa karibu kwisha mwaka mmoja wa nafuu ambao sheria ya Marekani humpa mvumbuzi kuomba baada ya kuchapisha. Kwa kuwa walichapisha kabla ya kuomba, hawakupata ulinzi nje ya Marekani. Hata hivyo, leseni za kutumia mbinu hiyo zilitolewa kwa kampuni nyingi bila kumpendelea yeyote, na hadi hataza ilipokwisha mwaka 1997 ziliingiza takriban dola milioni 255.

Boyer alishiriki kuanzisha Genentech, kampuni ya bayoteknolojia, mwaka 1976, na kampuni hiyo ilikua bila kuwa na haki ya pekee juu ya mbinu hiyo. Kwako naona hali ni tofauti: mwekezaji atakayejenga kiwanda cha tando atataka leseni ya pekee, la sivyo mshindani ataingia sokoni kwa gharama ndogo baada yake.

Mhandisi wa Maji:
Kuhusu masharti ya leseni, msione vibaya chuo kuchukua hisa badala ya fedha taslimu, maana kampuni changa haina fedha hizo. Stanford, iliyomiliki hataza ya PageRank, mbinu ya kupanga matokeo ya utafutaji mtandaoni, ililipwa hisa na Google, na baadaye ikaziuza kwa takriban dola milioni 336. Jadilini kiasi, kwani hisa nyingi mno mikononi mwa chuo huwakatisha tamaa wawekezaji na kuwapunguzia waanzilishi ari ya kuhangaika miaka mingi.

Lakini kabla ya hisa, nina swali ambalo mnunuzi yeyote ataliuliza. Je, utando umejaribiwa kwa maji halisi, yenye chokaa, matope laini na masalia ya mimea, au kwa maji safi yaliyotiwa risasi maabarani? Tando nyingi hufanya kazi vizuri katika hali ya pili, kisha huziba zikipelekwa mtamboni. Ukiweza kupata kituo cha kusafisha maji kitakachokubali uuweke hapo miezi kadhaa chini ya mkataba wa usiri, matokeo yake yatakuwa na uzito mkubwa kwa mwekezaji kuliko cheti cha usajili.