"Fire extinguisher": silabi ngapi, na mkazo uko wapi?

Mlinzi_wa_Zamu: Wakuu, habari zenu. Kazini kwetu hotelini huwa tunawaelekeza wageni mambo ya usalama, na mtungi wa kuzimia moto lazima tuutaje. Sasa tumegawanyika: wengine wanasema ekstiNGWIsha, wengine ekSTINGwisha. Kamusi imeandika ex-tin-guish-er. Nani yuko sahihi?

Ticha_Pwani: Ndugu, hiyo NGWI inatoka kwenye Kiswahili chetu. Sisi mkazo tunauweka kwenye silabi ya pili kutoka mwisho: kiTAbu, vitaBUni. Kiingereza hakiendi hivyo. "Extinguisher" ina silabi nne, mkazo uko kwenye ya pili: ik-STING-gwi-sha. Mgawanyo huo wa kamusi ni wa kukata neno mstari unapoishia, si wa sauti. Angalia herufi x: imebeba sauti mbili, k na s. K inabaki nyuma, s inashikana na t. Mkato unapita katikati ya herufi moja! Kwenye maandishi huwezi kuuonyesha.

Bi_Sarufi: Naunga mkono, ila "fire" mmeisahau. Hii ni nomino ambatani hata kama inaandikwa kwa maneno mawili, na nomino za aina hii kwa kawaida mkazo mkuu hukaa kwenye neno la kwanza. BLACKboard ni ubao wa darasani. Black BOARD ni ubao wowote mweusi. Kwa hiyo FIRE inabeba mkazo mkuu, STING inabaki na mkazo mdogo. Msizikazie sawasawa.

Mlinzi_wa_Zamu: Ahsanteni sana. Na "fire" ni silabi moja? Mimi nasikia fa-ya.

Ticha_Pwani: Kamusi nyingi zinahesabu moja, hivyo jumla ni tano. Sikio lako halijakosea, kwetu kila irabu ina silabi yake. Kuna jambo jingine: Waingereza wengi hawaitamki r ya mwisho ya "fire", lakini hapa inarudi kwa sababu neno linalofuata linaanza na irabu. Semeni kwa pumzi moja: FAYA-rik-sting-gwi-sha.

Bi_Sarufi: Na tafadhali msichomeke irabu kati ya k, s na t. "Ekisitingwisha" inaongeza silabi mbili, na mgeni anapotea hapo hata kama mkazo mmeupatia.