Naomba ushauri: upasuaji wa saratani ya utumbo mpana, mgonjwa ana BMI (uzito ukilinganishwa na urefu) 47

Wakuu, habari za kazi. Mgonjwa ana kilo 138, uvimbe uko mwishoni mwa utumbo mpana na haujasambaa. Tumepanga upasuaji wa matundu madogo. Sefazolini, antibiotiki ya kuzuia maambukizi, itakuwa gramu 3 badala ya 2, maana amevuka kilo 120. Hapo sina shaka. Kinachonitia wasiwasi ni kumlaza kichwa chini: mafuta ya tumboni yanabana mapafu, shinikizo la mashine ya kupumulia linapanda. Mnainamisha digrii ngapi? Enoksaparini, ya kuzuia damu kuganda, miligramu 40 mara mbili kwa siku, mnaendelea hadi siku 28? Stoma (utumbo unaotolewa nje kupitia ukuta wa tumbo ili kupitisha kinyesi) ikibidi, mnaitoa juu ya kitovu, ambako ukuta wa tumbo ni mwembamba? Ikiwa chini, utumbo huvutwa, stoma ikazama au kukosa damu.