Timu ya kata: tuiuze au tubaki nayo na umaskini wetu?

Winga Mstaafu
Wadau, habari za jioni. Naomba mawazo, na yasiwe ya matusi maana nawajua. Timu yetu ya kata ipo ligi ya mkoa, msimu huu tumemaliza nafasi ya pili. Mdhamini hatuna. Vijiwe vitatu vya bodaboda vinatoa elfu kumi kila kimoja kwa wiki. Fundi cherehani wa sokoni anashona namba za jezi bure. Shule ya msingi imetupa uwanja kwa sharti kwamba tuufyeke wenyewe. Akina mama wa stendi wanalisha vijana siku za mechi. Nauli za ugenini tunachangishana. Miaka sita sasa, hivyo hivyo, na hatujawahi kushindwa kufika uwanjani.

Sasa kaja mfanyabiashara mmoja, si wa hapa. Anatoa Coaster, jezi seti tatu na posho za wachezaji kila mwezi. Masharti mawili tu: jina libadilike, na mechi za nyumbani zichezwe wilayani kwake. Kikao cha wanachama ni Jumapili. Mngekuwa ninyi mngepigaje kura?

Mchambuzi Huru
Uzeni leo leo kabla jamaa hajashtuka. Mpira ni pesa. Azam ilipanda Ligi Kuu 2008 ikiwa timu ya kampuni, na msimu wa 2013/14 wakabeba ubingwa bila kufungwa hata mechi moja. Hamkusikia mtu anapitisha kofia kuomba nauli. Upande wa pili nitajieni timu moja ya wananchi iliyodumu. Stand United ya Shinyanga ilianzishwa na wapiga debe wa stendi, ikapanda Ligi Kuu 2014. Ulipokuja udhamini wa mgodini wakagawanyika, hawa Stand ya kampuni, wale Stand ya wanachama. 2019 wakashuka daraja. Ndiyo matokeo ya kuwaachia timu wapiga debe na mama ntilie.

Kondakta wa Zamani
Ungeishia kwenye Azam tungekuelewa, mkuu. Mimi nimepiga debe miaka kumi na moja kabla sijapanda kuwa kondakta. Unajua kupiga debe ni nini wewe? Ni kujaza gari la watu thelathini wakati kituoni wapo kumi na wawili, wanne kati yao wamekuja kusindikiza. Huyo ndiye unayesema hawezi kuchangisha nauli ya timu? Nani mwingine anaweza, wewe unayeandika "mpira ni pesa" halafu unaangalia mechi juu ya ukuta?

Na hao wa Shinyanga waliifikisha timu Ligi Kuu. Wasomi wa mkoa mzima walikuwa wapi? Pesa ilipofika ndipo ugomvi ukaanza. Kabla ya hapo wangegombania nini, vumbi?

Mchambuzi Huru
Punguza jazba kaka, sijakusema wewe.

Kondakta wa Zamani
Umesema wapiga debe. Mimi nani, rubani?

Kibendera
Tukirudi kwenye swali la timu moja ya wananchi iliyodumu: Coastal Union ya Tanga ipo tangu 1948 na ilichukua ubingwa wa nchi 1988. Yanga 1935, Simba 1936, na zote mbili zimejengwa na wanachama wenye kadi. Mfano gani mwingine unatakiwa?

Mama Wali
Mimi nimeishia kwenye neno "mama ntilie". Kwanza siku hizi tunaitwa mama lishe. Pili, hiyo timu ya Winga naijua, maana ni mimi ninayeilisha. Sahani ishirini kila mechi ya nyumbani, wali maharage, tumekubaliana nusu ni mchango wangu na nusu timu inalipa. Mchambuzi, hebu siku moja amka saa tisa usiku uchague mchele, halafu uje uandike hapa kwamba matokeo mabaya yanaletwa na sisi. Mtoto aliyefunga mabao kumi na moja msimu huu alikuja kwetu mifupa mitupu.

Mchambuzi Huru
Nimekusikia dada, lishe ni muhimu. Hoja yangu ilikuwa uongozi, si mapishi.

Mama Wali
Uongozi unakula wapi?

Ughaibuni
Nawasoma nikiwa mbali. Winga, msikubali sharti la kuhama. Wimbledon ya London 2002 waliruhusiwa kuhamia Milton Keynes, mji mwingine kabisa. Mashabiki wakakataa, wakaanzisha timu yao AFC Wimbledon kutoka madaraja ya chini, hata wachezaji waliwapata kwa majaribio ya wazi, yeyote aje. 2011 wakarudi ligi ya kulipwa, 2020 wakarudi mtaani kwao Plough Lane na uwanja mpya. Union Berlin nao, 2008 uwanja ulikuwa umechoka, mashabiki zaidi ya elfu mbili wakaingia na koleo wakaujenga upya wenyewe. 2019 wakapanda Bundesliga. Na Ujerumani kuna kanuni ya 50+1, wanachama wanabaki na kauli ya mwisho.

Mnyama Damu
Haya, Ulaya imefika. Kila uzi lazima aje mtu kutuambia Ujerumani wanafanyaje. Sisi huku kujenga uwanja kwa mikono tunaita msaragambo, babu zangu walishajenga shule na zahanati hivyo hivyo, hakuna aliyewaandikia habari. Mzungu akishika koleo mnashangilia.

Ughaibuni
Mkuu si ndiyo ninachosema? Kwamba inawezekana.

Mnyama Damu
Tunajua inawezekana, tulikuwa tunafanya. Hoja yangu mimi ni unafiki wa watu wa mikoani. Mnalia "timu ya wananchi", Simba tukija kucheza kwenu uwanja mzima mwekundu. Mwenyeji anashangiliwa na mwenyekiti na mke wake. Halafu mapato makubwa ya mlangoni mnayapata siku hiyo hiyo. Bila sisi na wale majirani zetu mngekuwa mnauza tiketi kwa ng'ombe.

Mwananchi Halisi
Uwanja mzima mwekundu wapi? Labda damu za pua. Mikoani ni kijani na njano, uliza popote.

Mnyama Damu
Kijani ya Yanga mliyoiacha Mbarali 2022? Mechi hamsini bila kufungwa, mkaenda kuzikwa na Ihefu kwenye uwanja wa mashamba ya mpunga.

Mwananchi Halisi
Arobaini na tisa, si hamsini. Kama unataka kututukana tukana kwa hesabu sahihi. Na mwambie mwenzio Winga, hiyo Ihefu iliyotufunga 2-1 iko wapi leo? Ilihamishiwa Singida, sasa inaitwa Singida Black Stars. Watu wa Ubaruku, kule Mbarali, walioturushia maneno siku ile wamebaki na video kwenye simu. Kitayosce ya Kilimanjaro nayo ikageuzwa kuwa Tabora United. Sikupenda kufungwa, lakini heri ningekuwa narudi kule kila mwaka kulipiza. Sasa nikalipize kwa nani?

Winga Mstaafu
Ndilo linaloninyima usingizi. Jina likibadilika na uwanja ukahama, mwenye kijiwe cha bodaboda atachangia nini na kwa nani? Lakini vijana nao wana haki yao. Kipa wetu ana mtoto mchanga, posho ya kila mwezi kwake si mchezo.

Mchambuzi Huru
Asante, angalau mwenye mada ana akili. Winga, weka hapa mapato na matumizi ya msimu, tuone kama hiyo timu ya wananchi inaendeshwa au inajiendea tu.

Winga Mstaafu
Sina cha kuficha. Kwa kifupi, yale makubwa: nauli za ugenini 780,000. Waamuzi na ada 310,000. Mipira minne 160,000. Dawa na bandeji 45,000. Chokaa ya kuchora uwanja 36,000. Kamati ya ufundi 85,000.

Kondakta wa Zamani
Hapo kwenye kamati ya ufundi simama kidogo.

Mnyama Damu
🤣🤣🤣 Mganga analipwa kuliko dawa na bandeji!

Winga Mstaafu
Ni vifaa vya mazoezi.

Kondakta wa Zamani
Vifaa gani, koni? Mimi nilikuwa stendi siku mnakwenda ugenini, mkakataa kupita mlango wa mbele wa gari, wote mkaingilia dirishani. Dereva alishika kichwa. Na mkafungwa tatu.

Winga Mstaafu
Ilikuwa uongozi uliopita.

Mama Wali
Uongozi uliopita ni kaka yako.

Mwanasheria wa Kijiweni
Tucheke, lakini nina maswali. Klabu imesajiliwa kwa Msajili wa Vyama vya Michezo pale BMT, Baraza la Michezo la Taifa? Katiba mnayo, na inasema mwanachama ni nani? Simba walipopiga kura ya mabadiliko 2017 wakiwa na mwekezaji mkononi, bado Serikali ilisimama hapo hapo: wanachama asilimia 51, mwekezaji 49. Sasa ninyi mnataka kumkabidhi mtu timu nzima, jina na uwanja, kwa kikao cha Jumapili chini ya mwembe. Asiyejua nani ni mwanachama hajui nani anauza.

Winga Mstaafu
Usajili upo ngazi ya wilaya. Katiba ipo, ina kurasa nne. Mwanachama ni mwenye kadi, elfu tano kwa mwaka. Wenye kadi hai ni ishirini na watatu.

Kondakta wa Zamani
Ishirini na watatu?! Vijiwe vitatu vya bodaboda vina vijana zaidi ya sitini na wanatoa kila wiki. Hao si wanachama?

Winga Mstaafu
Wao ni wachangiaji.

Kondakta wa Zamani
Aisee. Kwa hiyo mtu akitoa hela anaitwa mchangiaji, akitoa maneno anaitwa mwanachama.

Mama Wali
Na mimi naitwa nani? Miaka sita nalisha, kikao hata kimoja sijaitwa. Nasikia matangazo ya spika yanapita, "wanachama wote mnaombwa", nachutama na sufuria zangu najua hayanihusu. Hata hili la kuuza nimelisoma hapa, wakati Winga jana kanywa chai kwangu na hakutamka neno.

Winga Mstaafu
Dada yangu, hakuna aliyekukataza. Kadi ni elfu tano tu, hukuwahi kuja kuchukua.

Mama Wali
Elfu tano mnanidai mimi?

Mnyama Damu
Winga hapo umekanyaga moto peku.

Mama Wali
Ngoja nifunge genge, nakwenda nyumbani kuchukua daftari.

Kibendera
Naona kuhusu Coastal hakuna aliyenijibu.

Mchambuzi Huru
Kwa hali hii nimezidi kuamini waiuze. Watu ishirini na watatu, waganga, madeni ya wali. Mwenye pesa akija atafuta uchafu huu wote kwa siku moja.

Kondakta wa Zamani
Atafuta na wewe. Siku akichoka na mpira akaanza kufuga kuku, basi lake anaondoka nalo. Sisi tukichoka tunabaki hapa hapa, hatuna pa kuhamia.

Ughaibuni
Kuna njia ya kati. Mwekezaji aingie kwa asilimia chache, mkataba uandikwe kwamba jina na uwanja haviguswi…

Mnyama Damu
Ujerumani tena?

Ughaibuni
Hapana, hii ni akili tu.

Mama Wali
Nimerudi. Mechi za nyumbani msimu huu kumi na sita, za ligi na kirafiki. Nusu ya timu ni 15,000 kila mechi. Jumla 240,000. Iliyolipwa ni sifuri. Hapo sijaweka supu na chapati za kocha, zina ukurasa wake. Na wenzangu wawili pale stendi wana madaftari yao, sijawasemea. Sasa Mwanasheria, naomba uniambie jambo moja: huyo bwana wa Coaster akinunua timu, ananunua na deni?

Mwanasheria wa Kijiweni
Inategemea mkataba utakavyoandikwa. Ila kabla ya kuuza, mdai ana haki ya kujua na kusikilizwa. Hilo sihitaji hata kufungua kitabu.

Winga Mstaafu
Jamani. 240,000 ilikuwemo kwenye bajeti, naapa. Msimu ujao ndiyo ilikuwa…

Mwananchi Halisi
Iliingilia dirishani.

Winga Mstaafu
Nimeongea na katibu sasa hivi kwa simu. Jumapili kikao kipo, saa nane mchana pale shuleni, ila ajenda ya kuuza tumeisogeza nyuma. Ya kwanza itakuwa uhakiki wa wanachama. Vijiwe vyote vitatu vitume watu. Akina mama wa stendi pia.

Mchambuzi Huru
Kwa hiyo mfanyabiashara wa watu asubiri mpaka mhesabiane wali?

Kondakta wa Zamani
Asubiri. Gari halijajaa.

Mama Wali
Saa nane ndiyo watu wanakula. Wekeni saa kumi.

Winga Mstaafu
Saa kumi basi. Na dada, kadi yako nitakuja nayo.

Mama Wali
Njoo na risiti pia, nataka ionyeshe imelipwa kwa kukatwa kwenye deni. Wazo la kuuza nitalipigia kura nikishakaa kwenye kiti.

Kocha Mchezaji
Mama Wali, nimeona umetaja ukurasa wa supu. Naomba tuongee pembeni.

Mama Wali
Pembeni ya nini, mwanangu? Ni 38,500. Kikao saa kumi.