Kosa la mwanafunzi lililokuonyesha kosa lako: tupeane uzoefu

Chaki Nyeupe
Wadau, habari za jioni. Nimetoka kusahihisha insha sasa hivi na kuna jambo limenikaa kooni.

Kijana mmoja ameandika ukurasa na nusu: "kiongozi chetu kilifika", "kijana kile kilianguka", "kifaru kikubwa kilitukimbiza". Nilikuwa nimeshapiga mistari myekundu 11 nikashtuka. Huyu hajateleza. Anayeteleza hukosea hapa akapatia pale, lakini yeye kila nomino inayoanza na ki- ameipa ki-, hakuna hata moja iliyomponyoka. Anafuata sheria, na sheria hiyo nimempa mimi. Niliandika ubaoni "kitabu kile kimepotea", nikasema ukiona ki- weka ki-, nikafuta ubao nikaenda zangu. Habari ya viumbe kwenda A-WA hata vikianza na ki- niliiacha iwe ya muhula ujao.

Kosa gani la mwanafunzi lilikuonyesha kosa lako wewe?

Daftari la Tatu
Umenigusa. "Viongozi vyetu vilisema" ninazo darasa zima.

Mama Insha
Mimi yangu ni nafasi. Tulipofika kwenye viambishi nilikuwa nakata vitenzi ubaoni kwa vistari: a-na-som-a, wa-li-m-pig-i-a. Somo lilinoga, mikono juu kila swali. Wiki mbili baadaye insha zikaja na "ana soma", "wali mpigia", "ni takuja". Na walioandika hivyo ni walewale ambao mwanzo wa mwaka waliandika "anasoma" bila shida yoyote! Nikawagombeza kwa uzembe, nikawaandikisha masahihisho mara kumi kumi, na bado "ana soma" likarudi.

Ni binti mmoja aliyenijibu kwa adabu kabisa: "Mwalimu, si ulisema ni vipande?" Nilikosa la kusema. Tangu hapo kila kitenzi ninachokikata, wao ndio wanaokiunganisha tena na kukisoma kwa pumzi moja kabla sijafuta ubao. Sikosei tena hapo.

Nahau Tamu
Chaki, kabla hujamkata huyo kijana alama, "kitoto kile kinalia" utasema ni kosa? Udogoshaji unaruhusu ki-. Walimu wengi mnakimbilia wino.

Chaki Nyeupe
Nahau, anayedogosha hudogosha kwa kusudi. Huyu alikuwa anamsifu kiongozi aya nzima.

Nahau Tamu
Ulimuuliza?

Chaki Nyeupe
Sijamuuliza. Hapo umenipata, nitamuuliza.

Mgeni wa Lugha
Mimi si mwalimu, Kiswahili nimejifunza ukubwani. Miezi mingi nilisema "mimi ni njaa", kwa sababu katika lugha yangu ndivyo tunavyosema. Rafiki zangu, kwa upole wao, walinijibu, "Aa, una njaa?" Nami nikadhani naulizwa, nikaitikia, "Ndiyo, mimi ni njaa." Walikuwa wananisahihisha, sikujua! Siku moja mzee mmoja akanisimamisha: "Wewe *ni* njaa, au *una* njaa?" Nikanyamaza, nikafikiri, nikasema, "Nina njaa." Sijakosea tena.

Kipimo
Mgeni, ulichosimulia kina utafiti wake. Roy Lyster na Leila Ranta walichunguza madarasa ya Kifaransa huko Kanada, wakachapisha mwaka 1997. Njia ambayo walimu waliitumia kuliko zote ilikuwa hiyo ya kurudia sentensi ya mwanafunzi ikiwa imenyooshwa, na ndiyo iliyowafanya wanafunzi wajirekebishe kwa uchache zaidi. Kumrudishia swali ili ajitafutie mwenyewe kulizaa zaidi.

Na Chaki, hilo lako la kuteleza na kutoteleza, Pit Corder alilieleza tangu 1967: kuteleza ni uchovu au haraka tu, lakini kosa linalojirudia linaonyesha mwanafunzi amefika wapi na bado anahitaji nini.

Kalamu si Karamu
Nimesoma mada hii mara tatu kabla ya kuandika. Mimi nilikuwa huyo mwanafunzi.

Darasa la sita, baba amefariki hata miezi miwili haijatimia. Tukapewa insha, "Siku nisiyoisahau". Lugha ya nyumbani kwetu haitofautishi l na r, masikioni mwangu zilikuwa sauti moja. Nikaandika kurasa mbili usiku, nikasema yale ambayo nyumbani hakuna aliyekuwa akiyasema. Nikamalizia: "Mungu amuweke baba mahari pema."

Mwalimu akarudisha madaftari yote isipokuwa langu. Akasimama nalo mbele, akasoma ule mstari wa mwisho, kisha akaliuliza darasa, "Kwani baba yake anaolewa?" Darasa zima likacheka. Akaendelea kutafuta. "Nirirara." "Tukamririria." Akayasoma kwa kuyavuta. Sikutoa chozi. Niliangalia wino kwenye kidole changu hadi kengele ilipogongwa.

Waliniita Mahari hadi namaliza shule ya msingi. Tangu siku hiyo insha zangu zikawa nusu ukurasa. Nilikuwa nachagua maneno yasiyo na l wala r. Jaribuni muone yanabaki maneno gani. Huwezi hata kusimulia jambo la jana, maana -li- yenyewe ina l. Niliandika kila kitu kwa -na-, kana kwamba hakuna kilichowahi kupita. Na alama zangu zilipanda! Makosa yalipungua, mwalimu akasema nimejirekebisha.

Daftari la Tatu
Pole sana ndugu yangu. Nimeshindwa kuendelea kusahihisha.

Mama Insha
Pole mwanangu. Na mimi nimewahi kusoma sentensi ya mtoto mbele ya wenzake wakacheka. Sikumtaja jina, lakini yeye alijijua.

Kipimo
Pole, Kalamu. Hilo la kukwepa, Jacquelyn Schachter aliliandika mwaka 1974: Wachina na Wajapani waliojifunza Kiingereza walikosea vishazi rejeshi (kama "mtu aliyekuja") mara chache kuliko Waarabu na Waajemi, kumbe walikuwa hawavitumii sana. Tukihesabu makosa peke yake tunadanganyika. Tuangalie pia kitu ambacho mwanafunzi haandiki kamwe.

Wino Mwekundu
Pole kwake, lakini tusipindue mambo. Aliyekosa ni mwalimu aliyecheka, si kalamu nyekundu. Mtoto asiposahihishwa kila kosa atalizoea. Mimi nasahihisha yote, na nitaendelea.

Nahau Tamu
Na l na r ni lafudhi tu. Mwacheni mtu na lafudhi yake.

Wino Mwekundu
Mdomoni ni lafudhi. Kwenye karatasi mahari ni mahari, Nahau.

Mama Insha
Wino, ukipiga mistari 30 kwenye ukurasa mmoja, mtoto anaona upi? Mimi nachagua jambo moja kwa insha moja. Wiki hii nafasi, wiki ijayo ngeli.

Kipimo
Ugomvi huo si wenu peke yenu. John Truscott mwaka 1996 alisema kusahihisha sarufi kwenye insha kuachwe kabisa, hakusaidii na kunadhuru. Dana Ferris akampinga mwaka 1999. Ila aliyenibadilisha mimi ni Mina Shaughnessy wa New York: alipitia insha zipatazo 4,000 za wanafunzi ambao wengi waliwaona hawafundishiki, na mwaka 1977 akaonyesha kwamba makosa yao yana mantiki ndani yake. Alizisoma kwa heshima.

Wino Mwekundu
Nazisoma zote 4,000 kwa muhula, dada, ila mantiki sina muda wa kuitafuta. Haya, nitajaribu daftari moja moja.

Daftari la Tatu
Mimi wanasoma insha zao kwa sauti, wao kwa wao, kabla sijazigusa. Nusu ya makosa wanayakamata wenyewe.

Chaki Nyeupe
Kalamu, ukiweza: ulirudije kuandika?

Kalamu si Karamu
Kidato cha pili alikuja mwalimu mwingine. Hakuweka alama. Alichora kijijedwali pembeni mwa insha, akaniita. "Umeweka r mahali pa l mara 5. Kwingine kote hukosei. Tatizo lako ni sikio, akili yako haina shida. Na mbona hakuna jambo lililopita humu?"

Ni mtu wa kwanza kuliona hilo.

Wiki tatu hakunipa kalamu. Alikuwa anatamka jozi, mimi nainua mkono wa kushoto au wa kulia: kula, kura. Fahali, fahari. Kalamu, karamu. Mwanzoni nilikuwa nabahatisha tu. Kisha ndipo ikaja imla ya maneno 10.

Mama Insha
Ulipata mangapi?

Kalamu si Karamu
Manne. "Mahali" lilikuwa la saba. Nililiandika kwa l, nikalifuta, nikaliandika tena kwa l.