Nibebe nini lanchi kazini mbali na wali maharage?

MwanaKimara:
Wakuu habari za humu. Nafanya kazi Posta na chakula cha kununua kimeanza kunishinda, sahani ya wali nyama na maji tu elfu nne imekata, kwa mwezi inakaribia kodi ya chumba changu. Sasa nabeba toka nyumbani ila kila siku wali maharage, ikifika Jumatano hata kontena sitaki kulifungua. Ofisini hakuna maikrowevu, natoka saa kumi na moja na nusu alfajiri niwahi mwendokasi na kula ni saa saba. Nyie mnabeba nini?

Mama Wawili:
Pole mdogo wangu. Wali uache ulivyo, hangaika na mboga. Jumamosi usiku loweka maharage kilo moja, Jumapili chemsha yote bila kuunga (yakilowekwa hayali gesi nyingi), gawa kwenye vikontena weka friza. Jioni unatoa kimoja, leo unaunga na nyanya na karoti, kesho kutwa unaponda kidogo unatia pilipili hoho na binzari, hiyo ladha nyingine kabisa. Katikati hapo weka choroko, kunde, mchicha wa karanga, au dagaa wa kukaanga na kitunguu kingi na ndimu. Asubuhi unapasha tu huku unavaa.

Fundi Sufuria:
Nakazia kwa mama hapo juu, ila mboga za nazi kula usiku nyumbani, usibebe. Joto la Dar hili tui linachacha kabla ya saa saba. Na nunua hotpoti jamani, kontena la plastiki haliwezi kutunza moto. Kabla ya kupakia mimina maji yanayochemka, funika dakika tano, mwaga, ndio uweke chakula kikiwa cha moto kabisa na ujaze, ukiweka kidogo kinapoa haraka. Wali uliolala nje kwenye sufuria achana nao, kuna bakteria wanaacha sumu humo na hata ukipasha vipi sumu haitoki. Wa kesho uweke kwenye friji mapema usiku.

Mpare Halisi:
Mbona hamjataja makande?? Mahindi ya kukoboa na maharage, unapika sufuria moja Jumapili, ukiunga na karanga ya kusaga hutaki mboga wala nyama. Yanashibisha mpaka jioni na yakipoa bado yanalika, sio ugali ule unakuwa jiwe.

MwanaKimara:
Asanteni sana, makande nilikuwa nimeyasahau kabisa. Mama Wawili, hao dagaa hawatanuka ofisini? Tunakaa watu wengi chumba kimoja.

Mama Wawili:
Toa vichwa na matumbo, osha na maji ya moto mara mbili tatu, anika kidogo wakauke ndio ukaange wawe wakavu kabisa, harufu inapungua sana. Ila kama chumba kimebana kweli hao kula usiku, siku hiyo beba chapati na mayai ya kuchemsha na kachumbari kwenye kikopo chake, au viazi vitamu vya kuchemsha na karanga. Hivyo havihitaji moto wowote. Kachumbari usitie chumvi toka nyumbani inatoa maji, beba chumvi na ndimu pembeni utie ukifika saa ya kula.