Mitaa ya pembezoni bila gari hufiki popote, tufanyeje?

Muulizaji: Wadau naomba mnieleweshe, kwa nini mitaa mipya inajengwa nyumba tupu, hamna duka wala shule, hata panadol mpaka uwashe gari? Wazee na watoto ndo wanaumia zaidi.

Mdau 1: Tatizo ni sheria za matumizi ya ardhi ndugu. Marekani Mahakama ya Juu iliubariki huo mfumo 1926 kwenye kesi ya kijiji cha Euclid, yaani makazi huku biashara kule, baadaye magari yakawa mengi, barabara kuu zikajengwa, basi mji ukatambaa. Ruhusuni duka chini watu waishi juu, na lile sharti la kila jengo kuwa na paking lifutwe, mji wa Buffalo hukohuko Marekani walilifuta 2017.

Mdau 2: Na barabara zenyewe jamani! Shule unaiona kabisa hapo mita 100 ila mtaa hautokei upande wa pili, unazunguka kilomita nzima kwenye jua. Toboeni vinjia vya miguu, pandeni miti. Pontevedra kule Hispania walianza kuzuia magari katikati ya mji 1999.

Muulizaji: Hiyo ya vinjia imenigusa, kumbe si lazima kubomoa mtaa mzima.